Begi la Kilo Tisa

Katika wiki tatu za mwisho kabla ya safari nilipima begi langu mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne nilitumia mizani ya jirani yetu anayenunua chuma chakavu. Msomaji wa Buyenzi, mtaa wetu hapa Bujumbura, ameshaanza kucheka. Wengine wavumilie kidogo, nitafika hapo.

Begi lilitakiwa lisizidi kilo tisa. Likizidi, siendi. Sharti hilo aliniwekea rafiki yangu, muuguzi anayekaa Gihosha, nami nililikubali kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya kaka yake. Tulikuwa tumepanga kutembea kwa miguu sisi watatu, kutoka Bujumbura hadi chanzo cha Nile kule Rutovu, siku sita, kupitia Ijenda na Matana, tukipanda kutoka kwenye joto la ziwa hadi kwenye baridi ya milima. Wao wawili wangeweza kwenda bila mimi. Mimi bila wao nisingefika popote, kwa sababu huko juu sina hata mtu mmoja.

Watu wengi wa nchi hii, ukiwauliza kwao ni wapi, wanakutajia kilima. Hata aliyezaliwa mjini na kukulia mjini ana kilima cha babu yake, na sikukuu anapanda kwenda kukisalimia. Sisi Waswahili wa Buyenzi ukituuliza tunakutajia namba ya avenyu. Milima naiona kila asubuhi ninapofungua karakana, imesimama nyuma ya mji karibu kabisa, na ilipofika miaka yangu ishirini na minne nilikuwa sijawahi kulala juu yake hata usiku mmoja. Niliitaka safari hii mno. Nilikuwa nikishona kiti cha teksi huku nikihesabu siku kwa kukanyaga pedali.

Sharti la kilo tisa lina historia yake, na historia yenyewe ni aibu yangu.

Mimi ni fundi wa kike, kazi yangu ni kushona viti vya magari. Karakana ni ya mjomba wangu, kaka yake mama. Hakunikalisha chini kunifundisha. Alinipa mkasi niwe nakata nyuzi zinazoning'inia, nami nikajifunza kwa kufumua viti vibovu na kuangalia waliovishona walipita wapi. Mengine nimeyapata kwenye video za simu. Mtu aliyejifunza hivyo hana cheti cha kumtuliza. Kila mshono ninaoumaliza naona kama kuna mtu atakuja kuukagua, basi naukagua mimi kabla yake, mara mbili, mara tatu, na wakati mwingine naufumua hata kama hauna kosa.

Mwaka uliotangulia tulipopanga safari hii kwa mara ya kwanza, nilikataa begi la mtumba. Nikasema nitashona langu, na nikalishona kwa kila kitu nilichokuwa nakijua. Upande wa mgongoni niliweka sponji yenye unene wa vidole vinne. Nikalivika ngozi ya bandia nyeusi, yenye mishono miwili miwili ya uzi mwekundu, ile wanayoipenda madereva wa teksi. Mikanda ya mabegani ilikuwa mikanda ya usalama niliyoitoa kwenye gari lililopinduka. Nililifanyia kazi mwezi mzima. Nilipolimaliza nililiweka mezani, mjomba akavua miwani, akalizunguka, akalibonyeza kwa kidole.

"Bon, fundi," akasema. "Hii iko muzuri sana. Inaenda mu gari gani?"

"Gari gani tena, mjomba? Ni begi."

"Apana. Mi nakaa mu hii kazi miaka makumi tatu. Hii ni kiti."

Nilikasirika siku mbili. Lakini alikuwa amesema kweli. Begi lilikuwa na kilo tano likiwa tupu, na nilipomaliza kulijaza lilikuwa na kumi na tisa. Ngozi ya bandia haipitishi hewa. Kabla hatujaumaliza mtaa wa Musaga, tungali mjini, mgongo wangu ulikuwa umelowa kama nimetoka kuoga. Njia ilipoanza kupanda kweli kweli nilikaa kwenye jiwe kando ya barabara, nikasema napumzika dakika tano, na sikuweza kusimama tena na begi lile. Rafiki yangu na kaka yake waligawana vitu vyangu. Tukaenda hivyo kona mbili tu, kisha kaka yake akaweka mzigo chini, na sote tukajua safari imekwisha. Tulirudi mjini juu ya lori la viazi. Safari waliyoisubiri mwaka mzima iliishia kwenye kona ya pili kwa sababu yangu.

Nyumbani nilimwambia mama kwamba mvua kubwa ilitukatiza. Mama alikuwa ameanika nguo tangu asubuhi na zilikuwa zimekauka zote. Alizitazama nguo, akanitazama mimi, akaniwekea chakula.

Kwa hiyo mwaka huu, tulipokaa tena kuipanga, rafiki yangu alisema mapema. "Sha, mi nakupenda, unajua. Lakini kilo tisa. Asubuhi ya kuondoka napima mi mwenyewe. Ikipita, unabaki, na hatugombani."

"Ikipita kidogo tu?"

"Kidogo ya nani? Kidogo yako ilikuwa kilo kumi na tisa."

Nikaanza upya. Begi la pili nililishona kwa kitambaa chepesi cha kufunikia magari, cha rangi ya buluu, ambacho maji hayapiti. Sponji niliweka ya unene wa kidole kimoja tu, tena mabegani peke yake. Mikanda ya usalama niliirudisha, maana hiyo haina lawama. Na ili begi lisimame wima, lisilegee kama gunia, nilishonea ndani ya mgongo wake vyuma viwili vya kiegemeo cha kichwa, vile vinavyochomekwa juu ya kiti cha gari. Nilijivunia vyuma hivyo kuliko kitu kingine chochote. Hakuna begi lolote kwenye video zangu lililokuwa navyo.

Video hizo nimeziangalia nyingi mno. Ni watu wa nchi za mbali wanaotembea miezi mitatu msituni, wanakaa sakafuni wametandaza vitu vyao, na wanaeleza kimoja kimoja kwa utulivu ambao mimi sijawahi kuwa nao. Wanakata mpini wa mswaki ili upungue uzito. Nami nikakata wangu, nikabaki nikipiga mswaki kwa ncha za vidole. Wanakata lebo za nguo. Nikazikata zote, nikazikusanya kwenye mfuko wa plastiki, nikazipeleka kwa jirani wa chuma chakavu. Mizani yake ni ya ndoana, ya kupimia injini na rimu. Mshale haukutikisika hata kidogo.

"Unapima nini humo?" akaniuliza.

"Lebo."

Akatikisa kichwa taratibu, jinsi watu wanavyotikisa kichwa kwa mgonjwa.

Nilikuwa na daftari. Kila kitu kiliandikwa humo na uzito wake, na mahali pake ndani ya begi: chini, katikati, juu, mfuko wa kushoto. Hema lilikuwa juu ya orodha, kwa sababu kwenye video zote hema ndilo la kwanza. Nililishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha buluu, na siku nilipolisimamisha uani, jua likapita katikati ya kitambaa na ndani kukawa kama chini ya maji, nililala humo mchana kutwa nikitabasamu peke yangu. Chini ya hema viliandikwa mfuko wa kulalia, koti la mvua, jiko dogo la spiriti nililolitengeneza kwa makopo ya soda, sufuria, nguo. Mwisho kabisa kulikuwa na kifuko kilichoandikwa "Ikiwa". Ikiwa kamba ya kiatu itakatika. Ikiwa tochi itazima, na ikiwa tochi ya pili nayo itazima. Ikiwa zipu itang'oka, ikiwa soli itabanduka, ikiwa nitapotea na nitahitaji filimbi. Kifuko hicho sikuwahi kukipunguza. Kila nilipokifungua ili nikipunguze nilipata sababu ya kukiongeza.

Kila mchana, mjomba akienda kuswali, nilifungasha begi juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nilifungasha, nikafungua, nikafungasha. Ilifika mahali naweza kufumba macho na kutoa koti la mvua kwa mkono mmoja. Nasema ukweli, zilikuwa saa tamu kuliko zote za mwaka huo. Kila kitu kilikuwa na nafasi yake na kila nafasi ilikuwa na kitu chake, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutembea kabla ya kutoka karakana.

Siku moja kabla ya kuondoka, alasiri, nilitandika mkeka uani nyumbani na kuvipanga vyote kwa mara ya mwisho. Vitu sitini na kimoja. Jirani alikuwa amenipimia asubuhi: kilo nane na robo tatu. Nilikuwa nimebaki na robo nzima ya akiba, na nilikuwa nikiiwazia robo hiyo kama mtoto anayewazia peremende.

Mama alirudi kutoka sokoni. Anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaushwa. Akatua beseni, akasimama pembeni ya mkeka, akaangalia kila kitu kwa zamu, mpaka sufuria, mpaka mswaki.

"Huu ni mswaki ama njiti?"

"Ni mswaki, mama."

"Haya. Na mukifika kwa watu?"

"Tukifika tunalala. Asubuhi tunaendelea."

"Nauliza, humu ndani, cha watu ni nini?"

Nikafungua daftari. Nakiri kwamba nilifungua daftari, kana kwamba huenda nilikiandika mahali nikasahau. Vitu sitini na kimoja, na vyote vilikuwa vyangu.

Rafiki yangu alikuwa ameshanieleza tutakakolala. Usiku wa kwanza kwa shangazi yake, wa pili kwa mwalimu aliyemfundisha kaka yake, na kadhalika mpaka nyumba ya tano. Nilikuwa nimeliandika neno hilo, "watu", nikaliwekea alama ya vema pembeni kuonyesha limemalizika. Sikuwa nimewafikiria zaidi ya hapo. Akili yangu ilikuwa msituni na wale wa kwenye video, wanaopiga hema mahali ambapo wiki nzima hajapita mtu. Hapa kwetu hakuna mahali hapo. Kilima chochote unachokiona kina nyumba, na nyumba ina migomba, na kwenye migomba kuna mtu. Ukipiga hema popote, kabla hujamaliza kigingi cha pili watoto kumi wamesimama wanakutazama, na mwenye shamba anakuja kukuuliza kwa upole kwa nini hukubisha hodi. Na ukishabisha hodi, Kirundi kina neno lake la kinachofuata, kugemura, yaani kumpelekea mtu cha kula au cha kunywa unapokwenda kwake. Neno hilo nalijua tangu utotoni. Mama haendi hata kwa jirani wa ukuta mmoja bila kitu ndani ya kitenge.

"Mama, niko na robo kilo tu."

"Robo kilo kwa nyumba tano?" Akachuchumaa. Akalibonyeza hema lililokunjwa. "Hii kubwa hapa ni nini?"

"Hema. Nyumba ya kulala."

"Si munalala kwa watu?"

"Ikiwa..."

"Ikiwa nini? Nisikie watu wanasema mutoto wangu alifika kwao mikono mitupu, na nyumba yake mugongoni sawa konokono?"

Alikwenda kwenye beseni lake, akarudi na ndagala, akaanza kufunga mafurushi kwa karatasi na uzi. Matano. Hakupima, anajua kwa mkono. Kwa kila furushi akaongeza kipande cha sabuni na pakiti ya chumvi.

"Mama, itanuka."

"Itanuka nini?"

"Itanuka ndagala."

"Sawa. Si ni ndagala?"

Nikamweleza kuhusu mfuko wa kulalia. Nikamweleza kwamba nguo zangu zimekunjwa kwa mpangilio, kwamba nimezifua mara mbili kwa sabuni isiyo na harufu, kwamba kila kitu humo ndani nimekifikiria. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akifunga fundo la furushi la tano. Kisha akasema, "Hata mi nimefikiria," akaingia ndani kuwasha mkaa.

Nilikaa na hema mapajani kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Hatimaye nikalipeleka chumbani, nikaliweka juu ya kabati. Nikatoa na jiko la makopo, maana kwa watu kuna moto, na pamoja nalo sufuria. Nikayapanga mafurushi mahali pa hema. Yaliingia vizuri ajabu. Uvunguni mwa ngazi ya jirani paka akaamka kwa harufu.

Kabla jua halijazama nilibeba begi hadi kwenye mizani ya chuma chakavu kwa mara ya kumi na nne. Mshale ukasimama kwenye tisa kama umepigiliwa msumari.

"Umefurahi?" jirani akaniuliza.

"Sana."

"Bon," akasema, akaanza kufunga duka lake. "Basi inatosha."

Asubuhi rafiki yangu na kaka yake walinikuta karakana, nimeshavaa viatu tangu swala ya alfajiri. Mama alikuwa amekuja kuniaga. Mjomba alikuwa anachemsha chai. Nilikuwa na furaha, na sikuwa na wasiwasi hata chembe, jambo ambalo kwangu ni nadra na lingepaswa kunishtua.

Rafiki yangu alitoa mizani yake kwenye mfuko. Ilikuwa ile ya kupimia watoto wachanga, ya duara, yenye suruali ndogo ya kitambaa inayoning'inia chini. Aliiazima kazini kwake. Akaivua suruali, akatundika mizani kwenye ndoana tunayotundikia viti, akatundika begi.

Mshale ukapita tisa. Ukapita kumi. Ukasimama kwenye kumi na robo.

"Hiyo ni mbovu," nikasema.

"Hii? Hii inapima watoto kila juma."

"Jana lilikuwa tisa. Tisa kamili. Nilipima."

"Ulipima wapi?" akauliza mjomba, birika mkononi.

Nikaonyesha kwa kidole. Ng'ambo ya njia jirani alikuwa anafungua milango ya duka lake, na mizani yake ilikuwa inaning'inia pale pale kwenye ndoana.

Mjomba aliweka birika chini. Alianza kucheka mabegani kwanza, bila sauti, kisha ikabidi akae. "We mutoto," akasema. "Ile ni mizani ya kununulia."

Nitawaeleza sasa wasio wa Buyenzi. Jirani ananunua chuma kwa kilo. Wanaomletea chuma wanalipwa kwa kilo. Mizani yake ina kawaida ya kuona uzito mdogo kuliko uliopo, na kila mtu mtaani anajua, na anayeleta chuma anajua, naye huongeza kidogo kwenye bei anayotaja ili mambo yalingane. Mimi nimekulia ng'ambo ya ile mizani. Nimepeleka pale vyuma vya viti tangu nina miaka kumi na tano. Lakini niliposhika daftari, nikawa mtu mwenye namba, na namba sikuzitilia shaka.

"Mjomba, uliniona naenda pale kila siku."

"Nilizani unajua. Nani hajui? Nilizani unapima ili upate usingizi."

Jirani alikuwa amesikia. Alivuka njia, mikono mgongoni, uso wa mtu aliyeonewa. "Ungeuliza, dada," akaniambia. "Iko ingine ndani. Ile ya kuuzia."

Hapo hata mama alicheka. Mimi sikucheka. Masikio yalikuwa yamewaka moto na nilikuwa naliona jiwe la mwaka jana, jiwe lenyewe, na jinsi lilivyokuwa na joto nilipolikalia. Nilimtazama rafiki yangu nikitegemea atasema basi, kilo moja tu na robo, twende. Hakuwa amekasirika. Aliangalia saa yake.

"Niko na dakika kumi," akasema. "Kisha tunaenda, na we ama bila we."

Nikalitua begi mezani, nikalifungua. Mafurushi matano yalikuwa juu. Kwa pamoja yalikuwa na uzito unaotakiwa kupunguzwa na zaidi. Ningeyatoa yote kwa mkono mmoja, begi lingerudi kuwa safi, lisilonuka, lenye kila kitu mahali pake, na chini ya kilo tisa. Nakiri mkono wangu ulikwenda hapo kwanza. Ulishika furushi. Mama alikuwa amesimama mlangoni anajifunga upya kitenge chake, na hakuangalia upande wangu kabisa, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angeniangalia.

Nikaliachia. Nikachukua wembe wa kufumulia.

Kufumua najua kuliko kushona, ndiko nilikoanzia. Nilipasua mshono wa mgongoni kutoka juu hadi chini, ule niliouweka safu mbili, nikatoa chuma cha kwanza, kisha cha pili. Nikaviweka mezani. Mjomba alivipokea, akavisugua kwa kitambaa, akavirudisha kwenye debe la vipuri. Begi lilinywea. Likawa gunia.

Rafiki yangu akatundika tena. Tisa na nusu.

"Bado," akasema.

Nikatoa kifuko. Alikipokea, akakipima mkononi, akashangaa. "Hii ni nini?"

"Ni Ikiwa."

"Ikiwa nini?"

"Ikiwa yote."

Kaka yake alifungua zipu kidogo akachungulia. "Filimbi ya nini, dada? Kule ukikohoa tu, watu wanakuitikia."

Nikampa mjomba kifuko. Juu yake nikaweka daftari, bila mtu kuniambia. Begi likatundikwa mara ya tatu, na mshale ukasimama kabla ya tisa, kwa upana wa unyasi. Rafiki yangu aliinama akausoma kwa jicho moja, kama anavyosoma dawa kwenye sindano.

"Voila," akasema. "Vaa."

"Nipe dakika tano nishone huu mgongo. Uzi unaning'inia."

"Apana. Tunaenda."

Tukaenda. Nilipita katikati ya Buyenzi, mbele ya karakana zote na mafundi wote wanaonijua, nikiwa na begi lililolegea na mshono ulio wazi, nyuzi zikinigusa kiunoni kila hatua, na paka wa jirani nyuma yangu mpaka kwenye kona. Kila baada ya muda nilipeleka mkono nyuma kuzishika nyuzi. Tulipofika Musaga jua lilikuwa limelipasha begi joto na ndagala walikuwa wanajitangaza. Mama mmoja kwenye genge la nyanya aliniita, akaniuliza nauza kwa bei gani. Kisha njia ikaanza kupanda, na nikaliona jiwe upande wa kushoto, dogo kuliko nilivyolikumbuka. Nilitaka nilionyeshe, lakini nilikuwa napumua vizuri na sikutaka kuvuruga, basi nikapita. Kona mbili mbele niligeuka nikaona mji wote chini na ziwa nyuma yake, na nikagundua kwamba natembea huku nacheka.

Tulifika kwa shangazi wa rafiki yangu jua likiwa bado juu ya ziwa, na baridi imeshaanza kushika masikio. Nilitoa furushi la kwanza, akalipokea kwa mikono miwili. Akalinusa, akaita wote waliokuwa ndani waje kunusa. Rafiki yangu alikuwa anatafsiri maneno ambayo tayari nilikuwa nayaelewa. Walinipa kiti karibu na moto na maziwa kwenye kikombe.

Shangazi aliliona begi lilipoegemezwa ukutani. Akalishika, akapitisha kidole kwenye mpasuko wa mgongoni, akasema kitu, akaingia ndani. Alirudi na sindano yenye uzi mweupe. Nilinyanyuka haraka kumwambia kwamba mimi ni fundi, nitashona mwenyewe, ila nipate mwanga mzuri na uzi wa buluu. Akanisukuma begani nikae.

Alishona kama watu wanavyoshona magunia ya maharage. Hatua ndefu, zimepinda, mwisho umefungwa kwa fundo kubwa ambalo lilinikwaruza mgongo siku tano zilizobaki mpaka Rutovu. Begi liko karakana sasa, kwenye msumari juu ya cherehani yangu. Mjomba ameshaniuliza mara kadhaa lini nitaurekebisha mshono ule. Sijaufumua.